Mbao za Kivuli Upande wa Sake

…sema basi, Papa, sema neno lolote, hata ukisema umesahau miwani nitateremka ngazi kwenda kuitafuta ndani ya gari huku nikijua umeivaa, lakini usisimame hivyo, mkono mmoja umeshika manivela, kile chuma cha kuzungushia mbao za kivuli, na mwingine umebaki hewani kana kwamba mtu alitaka kukupa kitu akaghairi, watu wanakutazama, Mama Masika mwenye jengo anakutazama, Benny mtoto wa dada yake anakutazama huku akifyatua ile kalamu yake, na mimi binti yako ninakutazama, ulikuwa unaenda vizuri, ulianza kama unavyoanza siku zote, sauti ya chini, kola imenyooka, ukasema, "Mama Masika, hapa tuko upande wa Sake, jua ya après-midi njo adui yetu, climatiseur na baridi yake haitamuweza, kivuli njo itamuweza," naye akacheka, ukashika manivela, ukafungua mdomo kwa sentensi inayofuata, na sentensi haikuja… labda ni pumziko tu, wasemaji wazuri hupumzika, hata padri hunyamaza katikati ya mahubiri na watu wakainamisha vichwa wakidhani Roho anashuka, labda hawa nao wanadhani hivyo, Mama Masika amekaa kwenye kiti cha plastiki kama aliye kanisani, kilemba chake cha njano, kiganja juu ya nyusi maana mistari ya jua inapita kati ya mbao na kumpiga machoni, na ndicho alichokuja kuona, amepanda ngazi zisizo na reli hadi ghorofa ya tatu, na magoti yake yale, ili aone jua likimtoka usoni, jengo lake la maofisi hapa Himbi, mjini Goma, saruji bado inanuka ubichi, hakuna mlango, hakuna kioo, ila tundu hili moja la dirisha tulilolifunga mbao za mfano, ndefu toka sakafuni hadi juu, zimesimama wima na kutokeza nje, zimeungwa kwa ufito mmoja wa chuma ili manivela ikizunguka zigeuke zote pamoja, akizipenda tutazifunga jengo zima, upande wa Gisenyi kwa ajili ya asubuhi na upande wa Sake kwa ajili ya alasiri, asipozipenda Benny ataweka vioo vya bluu toka chini hadi juu, na Papa atakuwa amesimama hapa bure…

"Minasema tu, mama," Benny anasema, wala hana ubaya, nimemjua tangu aliporudi kutoka shule Kampala, ni kijana mwenye adabu, "hii kitu iko muzuri, hapana kukataa, lakini watu wa bureau siku hizi wanataka vitre, vioo kila fasi, wanataka climatiseur, mutu akiingia asikie baridi, Kampala yote iko vile," na Mama Masika hamgeukii, anasema, "Wacha muzee amalize," amalize, ee Mungu, amalize nini na bado hajaanza, na mimi ningeweza kumjibu Benny kwa pumzi moja, ningemweleza lile jengo la vioo vya bluu nililofanyia stage, mafunzo ya kazi, nilipotoka shule, shirika lilikuwa limepanga ghorofa nzima, kila chumba na kiyoyozi chake, umeme ukikatika ofisi zinageuka tanuri, wafanyakazi wamebandika makartoni ya maziwa ya unga juu ya vioo, katibu mmoja amefungua mwavuli juu ya meza yake, anachapa barua chini ya mwavuli, ndani ya nyumba, taa imewashwa mchana kweupe kwa sababu makartoni yameleta giza, nilimhadithia Papa jioni ile nikitegemea atacheka, hakucheka, aliweka kijiko chini akasema, "Munezero, Goma inapata baridi ya bure, moja inatoka ku ziwa, ingine inashuka ku volkano, wewe unajenga nyumba ya kuikataza kuingia, kisha unachoma mazout ku jenereta usiku na mchana ili utengeneze ingine," na ndiyo siku niliyojua nitafanya kazi naye, si kwa sababu ni baba yangu, ni kwa sababu ya ile hasira, mtu anayekasirikia dirisha kama wengine wanavyokasirikia dhuluma… mweleze Benny hivyo, Papa, mwambie jua la katikati ya mchana ni rahisi, liko utosini, paa likitokeza kidogo tu linalizuia, mwambie jua gumu ni la asubuhi na la jioni, linaloingia chini kwa chini hadi kwenye meza, na tena halikai mahali pamoja, katikati ya mwaka linazama upande wa milima ya Masisi, mwisho wa mwaka linazama limeegemea ziwa, kwa hiyo mbao isiyogeuka ni mbao inayokosea nusu ya mwaka, ni maneno yako hayo, uliyasema mbele ya wanafunzi, uliyasema kwenye harusi za watu, uliyasema mezani mpaka Mama akakuomba uwaache watoto wale chakula, na mimi ninayajua yote, yamejipanga ulimini, lakini hawakuja kunisikiliza mimi, mimi ni binti wa Architecte Havugimana anayebeba michoro, hata kama michoro hii niliichora mimi, hata kama ni mimi niliyekaa hapa na uzi na pini nikifuata kivuli kwenye ukuta, chini ya karatasi ni jina lake, lazima liwe jina lake, maana Mama Masika hakuajiri mbao, alimwajiri yeye…

na alimwajiri zamani sana, kabla sijajua kusoma, ule mwaka volkano ilipopita katikati ya mji, duka lake la rangi na misumari lilizama kwenye moto ule mpaka likabaki bati tu juu ya mawe, watu wote walikuwa wamekimbilia Gisenyi na yeye alirudi peke yake, akakaa juu ya jiwe lililo bado na joto, analia, akaja kijana mmoja mrefu mwenye karatasi kwapani, alikuwa Papa, akamwambia, "Mama, usilie, chini tayari uko na msingi, tutaanzia hapa fasi umekaa," na kweli walianzia pale alipokaa, ghorofa ya juu ikawa ya chini, duka liko mpaka leo, na Mama Masika hajakoma kuisimulia habari hiyo, aliisimulia hata leo kwenye ngazi akivuta pumzi, "Benny, huyu muzee akiniambia nijenge juu ya maji, nitatafuta maji," na Papa alitabasamu, na mimi nyuma yao nikalitambua tabasamu lile, ni lile analolitoa siku hizi mtu akimsimulia habari asiyoikumbuka, tabasamu la mgeni, zuri, la kuwatosha wote… anasema, ashukuriwe Mungu, anasema, midomo imesogea, mkono uliokuwa hewani umeshuka, ametazama Mama Masika, ametazama Benny, ametazama ukuta, na sauti imetoka, ile ile ya darasani, "Jua inatokeaka wapi?"… na kalamu ya Benny imenyamaza, amekaa vizuri kwenye kiti kama mwanafunzi, "Mashariki, Papa, ku Gisenyi kule," na Mama Masika anapiga makofi, "Eeeh, munaona? Muzee anatufundisha kama batoto!" anacheka mpaka kiti kinalia, Benny naye anacheka, amependa kuulizwa, kila mtu anapenda kuulizwa kitu anachokijua, na Papa anaitikia kwa kichwa, pole pole, "Gisenyi," anasema, "vizuri sana, ku Gisenyi," na mimi ninaushika ukingo wa meza tuliyotandazia michoro, kwa sababu hakuwa anafundisha… hakuwa anafundisha, alikuwa anauliza, mtu aliyenisimamisha uani kwetu Katindo nikiwa sijafika hata kiunoni pake, akanishika mabega, mgongo kwa Nyiragongo, uso kwa ziwa, mkono wako wa kushoto ni Gisenyi, jua linaamka huko, mkono wako wa kulia ni Sake, jua linalala huko, hata wakikufunga macho wakakutupa katikati ya mji utajua ulipo, mtu huyo amesimama kwenye ghorofa ya tatu, jua liko nyuma ya shingo yake linamchoma, na hajui limetoka wapi wala linaenda wapi, na wao wanacheka…

"Basi, ikitoka Gisenyi," Papa anaendelea, na ninashusha pumzi, labda atapata njia, labda Benny amempa uzi na yeye ataufuata, "ikitoka Gisenyi…" na amesimama tena, ametazama manivela mkononi mwake kama mtu aliyeokota chombo cha mwenzake, na mimi najua sura ile, niliiona Mugunga mwezi uliopita, alinipigia simu katikati ya mchana, "Munezero, uko wapi?" nikamwambia niko ofisini, Papa, akasema, "Na mimi niko ofisini, lakini watu wameihamisha," nikacheka, nikadhani ni mzaha, mpaka nikasikia upepo kwenye simu, nikapanda pikipiki, nikamkuta kwenye uwanja wa mawe meusi kule ambako mahema ya wakimbizi yalikuwa yamejaa na sasa hayapo, vibao na matambara tu vimebaki kati ya mawe, amesimama na koti lake, karatasi kwapani, anatafuta mlango, na aliponiona hakuaibika, alisema tu, "Waliondoka wote bila kuniambia," na sijui mpaka leo alikuwa anasema juu ya ofisi au juu ya wale watu wa kambi, mwendesha pikipiki alinitazama kwa huruma nikamchukia… tukaenda kwa daktari Mulumeoderhwa, wanafahamiana tangu Bukavu, akampa karatasi na kalamu, akasema, Damascène, nichoree saa, saa ya ukutani tu, na Papa akachora duara, bila bikari, kwa mkono, duara ambalo sijaona mtu mwingine akilichora, mwanzo na mwisho vimekutana bila kovu, daktari akatabasamu, nikatabasamu, kisha akaanza kuweka nambari, akaziweka zote upande mmoja, zimebanana kama watu waliokimbia mvua wakajikinga chini ya ukuta mmoja, upande mwingine mweupe, akaweka kalamu chini, daktari akamuuliza huku kwingine je, akajibu bila wasiwasi, "Huko nimeacha kwa ajili ya kivuli," daktari alicheka kabla ya kuelewa kwamba hakupaswa kucheka, akavua miwani akaifuta, aliifuta muda mrefu, na kwenye korido akaniambia mashine ya kutazama ubongo haiko hapa, ingekuwa zamani ningewaambia pandeni ndege, sasa uwanja umefungwa, mnaweza kuzunguka kwa barabara mpaka Kampala, lakini mkifika watawapa jina la ugonjwa, jina tu, dawa ya kumrudisha hakuna, na Mama nyumbani, nilipomweleza, aliendelea kuchambua maharagwe, "Papa yako anachoka tu, vita hii imetuchokesha sisi wote, usimutangaze ku watu," na asubuhi ya leo akampigia shati pasi, akalitazama, akalipiga tena, akanishika mkono mlangoni akasema, "Usimuache peke yake na watu," nikasema sitamwacha, Mama, na tazama, niko naye, tuko chumba kimoja, meza moja inatutenga, na hajawahi kuwa peke yake kama hivi…

na wala si hilo tu, laiti lingekuwa hilo tu, kusahau sentensi si dhambi, ningesimama nikasema Papa amechoka, ngoja nizungushe mimi, na mbao zingegeuka na jua lingemtoka Mama Masika usoni na mambo yangeisha, lakini siwezi, kwa sababu nimeona kizuio, nilikiona tulipoingia, kabla hata sijaweka mfuko chini, kile kipande cha chuma kinachoziambia mbao zigeukie upande gani, mimi nilichora pini, pini ya kuchomoa kwa mkono, mwezi wa tatu unaihamishia tundu la huku, mwezi wa tisa unaihamishia tundu la kule, mbao zinafuata jua linakoegemea, na hapo palipopaswa kuwa na pini kuna chuma kilichochomelewa, mshono mnene, mzuri, hautoki bila msumeno wa umeme, na umechomelewa upande usio wake, sasa hivi mwisho wa mwaka jua linashuka limeegemea ziwa, mbao zilipaswa kuligeuzia mgongo na kuacha macho yaone milima ya Masisi, lakini kwa kizuio hiki manivela ikizunguka zitafanya kinyume, zitajipanga sawasawa na jua, zitalifungulia njia, halitakuwa tena mistari, litaingia lote, litammwagikia Mama Masika usoni na kifuani na kwenye kilemba, na Benny hatahitaji kusema kitu… wiki ile kilipochomelewa nilikuwa Bunagana, mpakani, siku zote hizo nikingoja vile vyuma vya kuzungushia vitoke forodhani, nimekaa kwenye benchi, vumbi la malori, ninampigia Papa jioni, "Kila kitu kiko sawa?" "Kila kitu kiko sawa, nimerekebisha kosa yako moja, kidogo tu," nikadhani amegusa kipimo cha ubao, nikafurahi hata, nikasema Papa bado anaona makosa yangu, kumbe, mchoro uko hapa mezani na nimeuona, alichukua penseli nyekundu, akageuza mshale wa kaskazini, ziwa akaliweka ilipo volkano, bila shaka akaenda nao mwenyewe hadi Ndosho kwa Fiston anayetuchomelea vyuma tangu zamani, akasimama juu yake akamwambia, ninaisikia kabisa sauti yake, chomelea hapa, usiache pini, wanafunzi wa siku hizi wanaogopa kuamua, na Fiston ni nani hata ambishie Architecte Havugimana, akachomelea, na akachomelea vizuri… Fiston, naam, jina lake limekuja lenyewe mdomoni, ningeweza kusema sasa hivi, "Tusamehe, Mama Masika, fundi alikosea," maneno machache tu, na Papa anatoka hapa na kola yake imenyooka, na sisi tunapata wiki moja ya kurekebisha, na Fiston hayupo kujitetea, na Mama Masika ni mtu wa Butembo, watu wa biashara wasiosamehe kazi mbovu, akisikia fundi amekosea hatamtaka tena kwenye jengo lake wala kwenye jengo la dada zake, na Fiston alikuja nyumbani kwetu siku za risasi na jerikani la maji begani, hakuna aliyemtuma, ninaliona jina lake limekaa mbele ya meno yangu kama chakula cha mwizi, linameta, na ninalimeza… au niseme mafuta hayajapakwa, tuahirishe, Benny atainuka kwa furaha aje kutazama, ataona mshono, ana macho, shule imempa macho, atauliza hiki kimewekwa kwa nini, na atauliza yeye, si mimi… au nimwache azungushe, nifumbe macho nimwache tu, na litakapoingia lote nitasema nini, au niseme kweli, Mama, baba yangu ni mgonjwa, hapa, mbele yake, yeye akisikiliza, akiwa ameshika manivela, akiwa na tabasamu lile la mgeni, na ninatafuta njia kama panya kwenye ndoo, huku ukuta, huku ukuta, na Mama Masika anasema taratibu, kwa upendo kabisa, "Tuko tunangojea, Papa Damascène, hatuna haraka," ee mama, laiti ungekuwa na haraka, laiti ungekuwa mtu mbaya…

ananitazama. Papa ananitazama mimi, si wao, na nilikuwa nimejitayarisha kuona woga, au utupu ule wa Mugunga, na sivyo, ananitazama kama mtu anayengoja jibu la mtihani, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, nyusi juu, ni sura ninayoijua tangu utoto, na sijui kwa nini sasa, hapa, saruji ikinuka, ndipo ninapokumbuka maswali yote ya mwaka huu, jinsi alivyoanza tena kuniuliza kama mtoto, nikasema mzee anarudi kwenye ualimu, nikajivuna hata, tukitoka nyumbani asubuhi, "Munezero, kutoka hapa mpaka ku bureau, njia ya mufupi ni gani?" na mimi nikamwelekeza kona kwa kona kama mwanafunzi wa kwanza darasani, mezani, "Mupangaji wetu wa chini anaitwa nani, umewahi kushika jina yake?" nikalitaja, "Uko unakumbuka tulijenga nini fasi ya kituo cha zamani?" nikamweleza, na vipimo, na rangi ya milango, na yeye akaitikia kwa kichwa, vizuri, vizuri sana, na nililala usiku ule nikiwa na furaha kwamba nimefaulu… hakuwa ananipima. Alikuwa anachota. Alijua, alijua kabla ya daktari, kabla ya Mama, mtu anayejua nyumba inavyopasuka anajua ufa unapoanza, aliona upande mmoja wa akili yake unaondoka na hakumwambia mtu, akavaa koti la mwalimu, akawa anakuja kwangu kila siku na kikombe chake kidogo akichota njia ya kwenda kazini, majina ya watu, nyumba alizozijenga mwenyewe, akichota kwa namna ambayo sitagundua, ili nisiogope, ili nijione nimefaulu, na mimi nilikuwa namjazia kikombe huku nikijisifu, na leo ameuliza wapi jua linatoka, si kwa Mama Masika, hakumuuliza Mama Masika, macho yake yalizunguka chumba yakinitafuta mimi, Benny akawahi tu… na ile penseli nyekundu, hata ile, hakuwa anajigamba, mtu ambaye ziwa linamhama na volkano inamhama, anasikia binti yake yuko mbali Bunagana, hakuna wa kumuuliza, amekaa na mchoro peke yake mezani, akaamua, alilazimika kuamua, akamwambia Fiston achomelee ili angalau kitu kimoja kisisogee tena…

na sasa silitafuti tena neno la kuliokoa jengo, limeniponyoka, sijali vioo vya bluu, Benny na aweke vioo mpaka mawinguni, watu wa ofisi wana makartoni yao na miavuli yao, watajua la kufanya, ninachotaka ni kwamba asizungushe, wala asiongee, tubaki hivi hivi, kwa sababu hajakosea bado, mbao zimesimama wima hazijaegemea kokote, jua linaingia kwa mistari na si lote, Mama Masika bado ni mwanamke aliyeambiwa asilie, yeye bado ni Architecte Havugimana mbele ya madirisha ya upande wa Sake, na mimi ndiye pekee ninayejua, na kujua huku hakumsaidii mtu, hakumsaidii yeye, sina kizuio cha kuweka popote, nikisimama ninamvunja na nikikaa ninamvunja, nilidhani kati ya mambo mawili daima liko moja jepesi, hakuna, yote ni mazito sawa, na bado sijasimama na bado sijakaa vizuri, nusu ya mwili wangu iko juu ya kiti, Benny ameanza tena kufyatua kalamu, Mama Masika amehamisha kiganja kutoka jicho moja kwenda lingine, mkono wa Papa uko pale pale juu ya chuma, mishipa yake, kucha alizokatwa na Mama jana, na midomo yake inafunguka, ninasema moyoni isiwe sentensi, na haikuwa sentensi, ni jina langu tu, "Munezero," kwa sauti ndogo, na sikuweza kusikia kama ananiita au anahakikisha kwamba ndilo, na kutoka mahali ambapo hofu haijafika, kabla sijajua nitasema nini baada yake, ninamwitikia kwa neno letu la nyumbani, lile watoto wa kwetu Rutshuru wanalofundishwa kumjibu mzazi anapoita, ambalo nimelisema maelfu ya mara bila kusikia kwamba ni dua, uishi, uishi sana, "Karame, Papa," ninasema, "Karame."